Kitabu cha Nyundo na Swali la Darasa la Nne

Nyumba ya nyuma ya shule ya msingi,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvuke wa hicho kiwanda chenu cha kufulia nguo haujakurudishia kikohozi. Na jicho je? Bibi anauliza kama bado linakuuma wakati wa baridi. Yeye magoti yanamsumbua, ila mdomo uko salama kabisa. Mama naye hajambo, isipokuwa mkono wa kulia umevimba, na habari ya mkono huo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tangu nimalize shule, wakati nasubiri matokeo, namsaidia mwalimu wa darasa la nne kuchagua vitabu vya mambo ya kweli: vya wanyama, vya mwili, vya maisha ya watu. Mwalimu huyu ana utaratibu wake. Haangalii jalada wala hasikilizi sifa za muuzaji. Mimi nasoma kurasa chache mbele ya darasa, yeye anakaa pembeni akitazama nyuso za watoto, kisha watoto wanauliza. Kitabu kikishindwa kujibu swali la maana, kinarudi kwenye boksi.

Unanijua, Mjomba. Wewe ndiye uliyeniita Kimya. Siku ya kwanza nilisoma nimeziba uso kwa kitabu, na watoto wakawa wanapiga kelele, "Sauti, dada! Au unasomea nzi?" Kitabu cha nyuki kilipita. Cha volkano kilirudi, kwa sababu mtoto aliuliza watu wa chini ya mlima walikimbilia wapi, na kitabu kilijua habari za mawe tu.

Jumatano muuzaji wa vitabu alikuja mwenyewe. Alileta kitabu kipya cha maisha ya bondia, akasema hicho watoto watakigombania. Ni cha Nyundo. Ndiyo, Mjomba, Nyundo huyo huyo.

Sikuwa nimekipitia. Nilisoma pale alipoweka alama. Nakuandikia kama kilivyo, unisamehe: "Ngumi ya kwanza ilimpasua nyusi. Ya pili ilimvunja pua. Ya tatu ilimwangusha Mwepesi kifudifudi, damu ikatapakaa ulingoni, na ukumbi mzima ukasimama kushangilia." Jina lako la ulingoni lilikuwa limeshanitoka mdomoni kabla akili haijalidaka.

Darasa lililipuka. Walipiga madawati, wakapanda juu ya viti, wakaimba, "Mmalize! Mmalize!" Kwenye dawati la mbele msichana mmoja alijifanya Nyundo, akamtandika jirani yake ngumi ya kweli mdomoni. Jino likaruka. Mtoto akalitazama sakafuni, damu inamchuruzika kidevuni, hata kulia akasahau. Muuzaji nyuma akawa anacheka. "Mnaona? Mwepesi alilala kama mtoto mchanga!"

Jiko la shule limepakana na darasa hilo, na mpishi ni dada yako.

Mama aliingia na mwiko mkononi. Alimpiga nao muuzaji mdomoni, mwiko ukakatika, akaendelea kwa ngumi. Muuzaji akamsukuma, Mama akaangukia madawati, akainuka na tai ya yule bwana mkononi, akaivuta mpaka uso wake ukabadilika rangi. Mwalimu alijitupa katikati, akala kiwiko cha jicho. Watoto, waliokuwa wakiimba mmalize, sasa walikuwa wamejibana ukutani wakilia. Mimi nilisimama na kile kitabu, Mjomba, sikuweza hata kukifunga.

Mwalimu mkuu alikuja kuwaachanisha. Mama aliambiwa aombe radhi, akaomba, lakini ile "samahani" yake ilikuwa kama kofi la pili.

Nilidhani kazi imeisha. Mwalimu akajifuta jicho, akakaa, akasema, "Haya. Maswali."

Aliyenyoosha mkono ni yule wa jino, kitambaa kimemjaa mdomoni. "Yule aliyeanguka, aliinuka?"

Mwalimu alichukua kitabu, akafunua mbele, akafunua nyuma. Hakuna. Baada ya ukurasa ule Nyundo yuko kwenye gari jipya. Muuzaji akasema, huku ameshika mdomo, "Sasa mwalimu, hiki ni kitabu cha Nyundo. Huyo mwingine anahusu nini?"

Hapo ndipo niliposikia mtu anaongea, nikagundua ni mimi. "Aliinuka. Ni mjomba wangu."

Maswali yakanimiminikia. Iliuma? Alirudisha ngumi? Kwa nini hakujikinga? Nikasema lile analosema Mama siku zote, kwamba Nyundo alikutia kidole jichoni kwanza, na mwamuzi akajifanya hakuona. Muuzaji akaruka, "Uongo! Wewe ulikuwepo?" Sikuwepo. Hata Mama hakuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo, na hujawahi kutuambia lolote.

Mama anataka kitabu kichomwe. Mimi sitaki, na naomba usinichukie. Wapo watoto mle ambao hawajawahi kumaliza ukurasa, na hicho wanakililia. Lakini sitaki wakisome wakidhani mtu akipigwa hadithi yake imeishia hapo. Mwalimu amekiweka mezani kwake. Amesema swali likijibiwa na mwenyewe, jibu litabandikwa baada ya ukurasa ule na kitabu kitaingia darasani. Lisipojibiwa, kinarudi.

Kwa hiyo nakuomba ukurasa mmoja, Mjomba, kwa mkono wako. Kama ni kidole, andika kidole. Kama ilikuwa ngumi halali, andika hivyo, mimi mwenyewe nitawasomea, kwa sauti. Mama nitajua la kumwambia. Kama huwezi kabisa, niambie tu, nitakirudisha kwenye boksi na sitakuuliza tena.

Bibi anakusalimu, anasema uvae soksi. Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Mwalimu pia, na jicho lake jeusi. Na yule wa jino anakusalimu sana. Jina lako la kweli halijui, anakuita "yule aliyeinuka."

Mungu akulinde huko uliko, na mikono yako ipone malengelenge ya sabuni.

Mpwa wako akupendaye daima,
Kimya