Sema kwa Nguvu, Daktari

Alhamisi usiku, nyumbani Kawangware 46

Koo bado linaniwasha kwa kupiga kelele, na sioni aibu.

Leo nilirudi mtaa wa Silanga kumpelekea Mama Atieno majibu ya damu ya nguruwe wake. Sisi watu wa utafiti tukishatoa damu huwa haturudi, kwa hivyo aliponiona mlangoni alidhani nimesahau kitu.

Nilikuwa naogopa. Vinguruwe vyake vinne vilikonda hadi vikafa, na mimi nimemletea jina tu: virusi vya sirko. Dawa ya kutibu haipo. Chanjo ipo, lakini hiyo ni ya watakaozaliwa. Sasa jina litamsaidia nini?

Nilipomtajia, akauliza, "Huo ugonjwa, mnyama anakula na bado anakonda?"

"Ndiyo, mama. Hata umlishe vipi."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakusema siku ile tulipotoa damu: ploti nzima, majirani wote, inasema aliwanyima nguruwe chakula. Na yeye kila jioni alikuwa akiwabebea makombo ya hotelini, ndoo kichwani, na goti lake bovu.

"Daktari, sema tena. Sema kwa nguvu."

Mimi si daktari, ni wa maabara tu, na sauti yangu ni ndogo. Lakini ukuta ni wa mabati, na redio ya jirani ilikuwa imenyamaza.

"Ni ugonjwa! Mama Atieno aliwalisha!" Nikarudia mara tatu.

Halafu sauti ya mwanamke upande wa pili wa ukuta: "Pole, Mama Atieno."

Tangu nguruwe wafe, hiyo ndiyo pole ya kwanza aliyopewa.