Kumfungia Bosi

Jumatatu, 3 Machi
Nimemsugua Bosi, mbwa wetu, kwa brashi. Masikioni kupe mmoja. Kifua kimejaa kama cha mbeba magunia. Baba alitaka mlinzi baada ya pampu ya maji kuibwa. Aina ya pitbull nilichagua mimi. Nimesoma sana habari zao. Mababu zao walizalishwa Uingereza kupambanishwa na fahali, baadaye wao kwa wao. Inasemekana aliyemng'ata mtu hakuachwa azae. Ndiyo maana wanapenda watu mno. Hilo sijamwambia Baba.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi ameandika kibao cha geti kama anavyotamka: MBWA MKARI. Mama Neema, anayetuletea dagaa, alikisoma huku Bosi akimlamba vidole, akamgeukia Baba.
"Mwalimu, fundi kasahau 'mu'. Huyu ni mbwa mkarimu!"
Nilicheka. Baba hakucheka.

Jumatano, 12 Machi
Mtaani sasa Baba anaitwa Mwalimu Mkarimu. Mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Leo ameamuru Bosi afungiwe bandani mpaka awe mkali. Asiguswe, asisemeshwe. Wengi huku ndivyo wanavyofuga. Nilijua ni kosa, hasa kwa mbwa wa aina hii. Nikasema, "Sawa, Baba." Komeo nimelifunga mwenyewe.

Jumapili, 30 Machi
Pua ya Bosi imechubuka kwa kusugua wavu wa banda. Habweki. Namsukumia ugali na vichwa vya sangara, naondoka bila kumwangalia. Mwoga mimi.

Ijumaa, 4 Aprili
Bosi amemng'ata Mama Neema. Alipitisha mkono kwenye wavu amsalimie kama zamani. Mkono wa kulia. Bosi hakuachia mpaka Baba alipommwagia ndoo ya maji. Ameshonwa nyuzi nane. Kadi ya chanjo ya Bosi ipo, lakini Mama Neema ameanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa.
"Umeniletea mnyama gani humu ndani?" Baba aliniuliza.
Nikaenda kuosha damu kwenye wavu.

Jumatatu, 14 Aprili
Siku kumi za kumwangalia zimeisha. Hana kichaa. Baba kamwita daktari wa mifugo hata hivyo, amchome sindano ya mwisho. Nilipofungua banda, Bosi alinilalia miguuni. Nikamshika kichwa. Haikuchukua muda.
Siku kumi nilikuwa nazo za kusema. Nilinyamaza zote.

Jumamosi, 19 Aprili
Mama Neema amerudi na ndoo yake, mkono umefungwa bandeji. Akauliza mbwa yuko wapi. Nilimwambia yote. Kwamba nilijua. Kwamba niliyefunga ni mimi.
Alifunua ndoo. Akaanza kuchota dagaa kwa mkono wa kushoto kunijazia kopo, wakamwagika.
"Shika kopo vizuri, binti."
Nikashika.