Tate, Nimeifungua Mashine ya Gemu

Shikamoo, Tate, baba yangu.

Nakuandikia nikiwa bandani kwako, hapa juu ya stendi ya Lushoto. Mama alitoka eda wiki iliyopita. Nami nimeitengeneza ile mashine ya gemu uliyonikataza kuigusa.

Unakumbuka ilivyopanda kutoka Mombo juu ya lori, imefunikwa turubai pamoja na magunia ya chumvi? Ilikuwa kubwa kama kabati, na ndani yake kioo kizito cha chogo, kama cha televisheni za zamani. Watoto wa shule walipanga foleni hadi kwa muuza kabichi. Mimi nilitaka kujua picha inatoka wapi, ukanifundisha. "Hata ukichomoa waya ukutani, umeme unabaki tumboni mwa kioo," ulisema. "Utoe kwanza kwa bisibisi, mkono mmoja mfukoni."

Siku ile nilikuwa na miaka kumi na minne. Uliinama nyuma ya mashine, mteja akakuita, ukageuka. Nikauliza, "Tayari, Tate?" Nikasikia, "Tayari." Nikashika. Nilizindukia sakafuni, mkono umekufa ganzi, nawe unanifokea mbele za watu: "Nani kakwambia ushike? Sikusema tayari!" Tangu hapo ukanifungia mlango wa banda. Nami nikaacha kuyaamini masikio yangu. Hadi leo, mwanafunzi akinijibu darasani, namuuliza mara mbili.

Juzijuzi mpangaji mpya wa banda alitaka mashine ipelekwe kwenye vyuma chakavu. Nikamwomba siku tatu. Picha ilikuwa imesinyaa, umebaki mstari mmoja mweupe katikati. Nikautoa umeme, mkono mfukoni. Nikakuta kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevimba. Nikaweka mpya, nikazichomelea taratibu kwa risasi ya kuungia nyaya.

Mama aliingia na chai, akasimama akinitazama.

"Alisema tayari," akaniambia.

"Nani?"

"Baba yako. Aliniambia mwenyewe alipokuwa anaumwa. Alisahau kuutoa umeme. Aliogopa watu watasema fundi nusura amuue mwanawe. Baadaye akaona haya kukwambia."

Nilikukasirikia siku nzima, Tate. Ulikuwa na miaka ishirini ya kuniambia. Nililia nikiwa nimeegemea hiyo mashine, halafu nikanawa uso, nikaiwasha. Ikaja nyekundu, ikafuata kijani, kisha picha nzima, imetulia. Mama, ambaye hakuwahi kugusa kitufe chake hata kimoja, akavuta stuli, akaanza kucheza. Kila ndege yake ilipolipuka alicheka kama msichana, akasema, "Hebu tena!"

Mpangaji nimempa chumba cha mbele. Banda nimelichukua mimi, kwa Jumamosi na siku za likizo. Jana mwanamke mmoja kutoka Vuga aliniletea redio yake.

Nimekusamehe. Bado panauma kidogo, lakini nimekusamehe. Lala salama, Tate. Mungu akulaze mahali pema.

Binti yako,
fundi.