Ukurasa Mmoja wa Uwanja wa Ndege

Uwanja wa Ndege,
Kisiwa cha Mkandawe
3 Juni 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Habari za Hasamba, za baridi na za mguu wa Mama? Mimi sijambo, ila joto na mbuzi vitanimaliza.

Ndiyo, mbuzi. Uwanja mzima una chumba kimoja cha abiria, mabenchi mawili, mizani ya kupimia mizigo pamoja na wenye mizigo, na choo ambacho bosi anatembea na ufunguo wake. Gari la zimamoto lipo, tairi ndizo hazipo. King'ora nacho ni cha kufukuzia mbuzi kabla ndege haijatua, na anayekipiga ni mimi.

Sasa tumejengewa jengo jipya. Tarehe ishirini Agosti inakuja ndege ya watu hamsini, kubwa kuliko zote zilizowahi kutua hapa. Bosi ameniagiza niandike historia ya uwanja, ukurasa mmoja tu, ibandikwe ukutani. Mafaili yameliwa na mchwa. Wazee wa hapa kila mmoja ana mwaka wake na hakubali wa mwenzake.

Ndipo nikakumbuka Mama aliwahi kusema ulifanya kibarua huku ujanani. Baba, miaka mitatu nipo hapa na hujanitamkia hata neno! Niambie basi mlijenga lini na ilikuwaje. Simu yako haipatikani, kwa hiyo jibu kwa barua, mpe Deus wa dukani Mlowo aiweke kwenye basi.

Mwanao,
Yunisi


Hasamba
15 Juni 2024

Mwanangu Yunisi,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mguu wa mama yako unasikia dawa siku unayotaka wenyewe. Simu ilitumbukia kwenye pipa la kuoshea kahawa, usinilaumu.

Uwanja tuliujenga mwaka 1979. Tulikuwa wengi. Mawe yalikuwa mazito na jua lilikuwa kali. Hayo yanatosha ukurasa mmoja. Huku kahawa imeiva kwa mkupuo na wachumaji hawaonekani, wote wamekimbilia dhahabu Mkwajuni, nimebaki na mama yako na mguu wake.

Ila nijibu jambo. Ndege hiyo ikijaa ina uzito gani? Na ikishatua inageukia wapi, upande wa bahari au upande wa ule mkwaju mkubwa? Jibu upesi.

Baba yako


Mkandawe
27 Juni 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Poleni na kahawa.

Baba, kweli? Nakuuliza historia, unanipa habari za wachumaji! Halafu maswali unauliza wewe. Haya. Ikijaa ni karibu tani kumi na tisa. Hizi ndogo zetu hazifiki hata tano. Itageukia upande wa mkwaju, kwa sababu upande wa bahari umelika. Hizi ndogo hazifiki huko, huishia katikati.

Umeridhika? Bosi ananiuliza huo ukurasa kila asubuhi kabla hata ya salamu. Nakuomba, Baba, usinizungushe.

Mwanao,
Yunisi


Hasamba
9 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za kahawa.

Penye mkwaju palikuwa na kisima, kipana, cha wenyeji. Mkaguzi alikuwa anafika kesho yake na mawe yalikuwa yameisha. Msimamizi akasema tutumbukize magogo ya minazi, tufukie, tushindilie. Mimi nilikuwa nyapara wa kikundi. Mwenzangu niliyetoka naye hapa Hasamba akakataa. Akasema, "Gogo linaoza, jamani. Siku moja patazama na watu."

Mkaguzi alipokuja, mwenzangu akamweleza yote. Mkaguzi akanigeukia mimi, akauliza kama ni kweli. Nikasema mbele ya watu wote kwamba hapajawahi kuwa na kisima, na kwamba huyu ni mvivu anatafuta visingizio. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, akarudi nyumbani na jina hilo, na limemkaa mpaka leo.

Ni Raphaeli, jirani yetu. Nyinyi watoto mlidhani hatusalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Miaka arobaini na mitano nakaa benchi la nyuma kanisani nisikutane na macho yake.

Ulipopata kazi huko nilitaka kusema. Nikajipa moyo kwamba ndege ni ndogo. Niliogopa, mwanangu, hakuna jina jingine. Mwambie bosi wako achimbe, hatua thelathini kutoka kwenye mkwaju kuelekea baharini. Unitaje.

Baba yako


Mkandawe
24 Agosti 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Nimenyamaza wiki sita kwa hasira. Sikutaka kukuandikia maneno ambayo mtoto hamwandikii baba yake. Miaka mitatu nakimbiza mbuzi juu ya hicho kisima!

Bosi alicheka. Akasema mzee wangu anazeeka. Nikamwambia kama ni hivyo historia aandike mwenyewe na mbuzi afukuze mwenyewe. Siku ya tatu, akihema kwa kukimbiza mbuzi, akaita fundi. Fundi alipopagonga mlio ulikuwa wa debe tupu. Wakapitisha rola, gurudumu la mbele likazama hadi ekseli. Magogo yamekuwa unga, chini ni shimo.

Ndege imeahirishwa hadi Oktoba. Hakuna aliyekufa, Baba. Nimelia siku mbili kwa hilo tu.

Sasa bosi anataka tuandike "Mzee Jonasi, aliyeuokoa uwanja". Nimejaribu, mkono umegoma. Ukurasa huu hapa ndani. Penye jina nimeacha wazi.

Mwanao,
Yunisi


Hasamba
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Mwanangu Yunisi,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, hajazungumza nami tangu nilipomsomea barua yako.

Nilikwenda kwa Raphaeli na barua yako na huo ukurasa. Nilimkuta kichanjani anachambua kahawa. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Macho yake hayasomi tena, nikamsomea barua yako yote, kisha nikasema, "Nilikusingizia."

Aliendelea kuchambua. Baadaye akauliza, "Lilizama mpaka wapi?" Nikasema hadi ekseli. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mke wangu Recho amekufa akijua aliolewa na mvivu. Huyo utamsomea lini?"

Nilimwomba msamaha. Akasema hana wa kunipa pale kichanjani. Akasema nilimkana mbele ya watu, basi nikamsafishe mbele ya watu, kanisani, nikiwa nimesimama. Kesho ni Jumapili. Nimeshamwomba mchungaji nafasi.

Penye nafasi uliyoacha andika hivi: Raphaeli Nzowa alisema kweli mwaka 1979, na nyapara wake akamwita mvivu. Jina la nyapara liandike lote, kama nilivyolitia hapa chini. Usilifupishe.

Baba yako,
Jonasi Mwashiuya