Niliwatangazia Vibarua Kwamba Mazoezi Yanaondoa Maumivu ya Mgongo

Dada Teresiah, nisaidie kabla ya Jumatatu, nimekwama. Mimi ni Bwire wa Mukuru kwa Njenga, kazi yangu ni kukusanya data za utafiti, na mwaka huu tulifuata vibarua elfu sita wa Industrial Area, nusu yao wakifanya mazoezi ya nusu saa kabla ya kazi na wengine wasifanye, kisha tukawauliza maumivu ya mgongo ni alama ngapi kwa mia, na kompyuta ikasema tofauti ipo na si ya kubahatisha, basi mimi kwa furaha nikasimama kwenye geti la kiwanda nikatangaza kwamba mazoezi yanaondoa maumivu, imethibitishwa! Jirani yangu Awuor, kibarua wa hapo, akauliza, "Yanaondoa kiasi gani, Bwire?" nikamwambia atulie, hii ni sayansi. Sasa msimamizi wa kiwanda anasema kuanzia Jumatatu kila mtu afike kwa mazoezi saa kumi na mbili kamili badala ya saa kumi na mbili na nusu, atakayechelewa hapewi kazi, na mama anayemwangalilia Awuor mtoto hafungui kabla ya saa kumi na mbili, kwa hivyo ni apoteze kazi au amfungie mtoto nyumbani peke yake, na nikirudi kwa makaratasi naona wasiofanya mazoezi wana alama 45 na waliofanya 44, na bosi wangu Shiundu ananiambia ninyamaze, matokeo ni halali. Naona aibu hata kumsalimia Awuor.

Bwire, pole, lakini umejitakia. Shiundu hajakosea: matokeo ni halali. Kompyuta iliulizwa kama tofauti ipo, ikajibu ipo. Ukubwa wake uliuongeza wewe mwenyewe pale getini. Ukipima watu elfu sita, hata tofauti ndogo kama punje ya chumvi kwenye sufuria ya githeri itaonekana kwa hesabu, na mlaji asionje chochote. Alama moja kwa mia! Ni kibarua gani atakayeinua gunia aisikie?

Aibu weka kando, haimsaidii mtoto. Leo andika kwenye karatasi kwa kalamu nene: wasiofanya 45, waliofanya 44. Mwonyeshe Shiundu, umwambie utaisoma getini. Si kumwomba ruhusa. Jumatatu wahi getini kabla ya wote, simama pale pale, kwa sauti ile ile, msimamizi akisikia. Sema pia kwamba anayependa mazoezi afanye kwa hiari yake. Halafu msimamizi awaeleze vibarua kwa nini alama moja inatosha kumfungia mtoto ndani.

Lakini kwanza, jioni hii, bisha kwa Awuor. Alikuuliza kiasi gani, nawe ukamnyamazisha. Mwambie: moja.