Jina Chini ya Geti

Changamwe, 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Hali yako huko Maskati? Mgongo umepoa? Huku sote wazima, na Babu anakusalimu.

Unakumbuka niliajiriwa kuchomelea trela, ukajigamba mbele ya kanisa zima. Basi tangu Krismasi sijagusa trela. Bwana Changawa, msimamizi wetu, ananifanyisha kazi za nyumbani kwake Nyali. Nimemtengenezea grili za madirisha, banda la kuku na bembea ya wajukuu. Sasa anataka geti. Na kazi ya kudumu atapewa fundi aliyeunda trela nzima kabla ya Juni. Nikimkumbusha anacheka: "Mkono wako mzuri, Ruth, ndiyo maana." Sifa hizo zitanimaliza.

Nimkatalie?

Mwanao,
Ruth

Maskati, 13 Machi

Mwanangu,

Marahabaa. Mgongo bado, lakini nainama na kuinuka. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, madamu hunipeleka kwa dada yake kufua mazulia. Niliandikwa nyumba moja, nafanya mbili.

Fanya unachotumwa, mama. Kazi hazipatikani. Mimi hunyamaza, na bado niko.

Mamako

Changamwe, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Usinikasirikie kwa nitakayosema.

Geti nimelimaliza hapa karakana. Ni zuri, sitasema uongo. Maua yake yamekaa kama kitambaa chako cha meza. Nikaandika jina langu chini kwa moto, kama afanyavyo kila fundi wa huku. Bwana Changawa alipoliona akaniamuru nilisage jina lifutike, na ilikuwa saa ya chai, mafundi wote wapo.

"Wenye kampuni wakipita kwangu wakaliona, je?"

Nikavua glavu. "Kumbe wajua si kazi ya kampuni."

Jina sikulisaga. Akaondoka. Wiki nzima hakunipa kazi, nikawa nafagia tu. Leo asubuhi, naona kwa kuogopa wenye kampuni wasije wakasikia, amenyoosha kidole kwenye vyuma vipya: "Trela ile yako."

Mwanao,
Ruth

Changamwe, 29 Mei

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Mgongo, au hasira?

Trela yangu imetoka leo, na mimi nimeandikwa kazi ya kudumu. Nakutumia picha. Tazama pale nyuma, chini ya taa, utaliona jina.

Mwanao,
Ruth

Maskati, 5 Juni

Fundi wangu,

Marahabaa. Sikukasirika. Nilikuwa nasoma barua yako ya Aprili kila nikilala.

Leo dada yake madamu ameleta gari kunichukua. Amenikuta nimevaa dera langu la Pasaka, nimekaa kitandani. Nikasema, "Leo ni siku yangu. Siendi."

Madamu akauliza ni nani aliyenitia maneno hayo, nami nikamwonyesha picha ya trela. Sijui kesho atasema nini. Lakini gari limerudi tupu, na mimi nimeshinda nimelala, mgongo umenyooka.

Mama Ruth