Matofali Matatu ya Pweto

Papa Kabeya,

Swali ambalo nimeshindana nalo kwa zaidi ya miaka ishirini ni hili: ulipokataa kusaini kibali cha jengo la uzazi la Pweto, uliwaokoa akina mama wa kule, au uliiokoa saini yako tu? Ulipokuwa hai sikuthubutu kukuuliza. Sasa ni miezi minane tangu tukuzike.

Kwanza habari za nyumbani. Mkeo, Mama Ngalula, bado yuko katika nyumba yenu ya Makomeno. Amekataa kuhamia kwa watoto. Kofia yako ya kazi ameitundika sebuleni, na mgeni akiigusa anaonywa. Mashariki ya nchi miji imekaliwa tena na wenye bunduki, na hapa Lubumbashi wapo ambao tayari wanaulizana nani atapewa kazi ya kuijenga upya. Ungetikisa kichwa, kisha ungeniuliza kama nimekula.

Wakati ule wa Pweto nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, na viatu vyangu vipya. Askari wa kigeni walikuwa wameondoka Pweto, misaada imeanza kuingia, nawe ukatumwa kukagua kazi kabla kuta hazijapanda. Nikakufuata kama mwanafunzi wako. Mkandarasi alikuwa shemeji wa kamanda ambaye askari wake walishika kizuizi cha njia yetu ya kurudi. Ulifanya ulivyofanya siku zote: ulimwita mpita njia asiyehusika achague matofali matatu ya saruji, maana, ulisema, fundi huchagua yaliyo mazuri na mkaguzi huchagua anayotaka kuyaona. Alipita mama mwenye beseni la samaki wakavu.

"Papa, mi nauzisha samaki. Matofali njo nini kwangu?"

Lakini alichagua. Uliyainua moja moja hadi begani, ukayaachia. Yote matatu yakawa mchanga. "Ata samaki yangu iko nguvu kupita hii," akasema, na mafundi wakacheka, hata wale walioyafyatua.

Mkandarasi hakucheka. Alikushika mkono kwa heshima, akakusogezea karatasi ya kusaini. "Papa, sinye tu. Njia ya kurudia iko murefu, na basoda ba ku barieri banajua motokari yenu."

Ukamjibu kwa sauti ileile uliyotumia kuagiza chai: "Bamama batalala mule, mutoto wangu. Mi siwezi kusinye muchanga."

Kesho yake, kwenye barieri hiyo, askari walitushika tangu asubuhi hadi jua lilipozama. Walichukua begi lako na michoro yote. Nilikuwa nimeanza kukuchukia kidogo, nisamehe. Wewe ulikitazama kibanda chao kilichovuja, ukawaonyesha namna ya kuongeza mwinamo wa paa la nyasi ili maji yateleze. Jioni mmoja wao alitufungulia bila kumwuliza mtu. Sijawahi tena kuona ujasiri uliotulia vile. Hata hivyo sina hakika kama ulikuwa ujasiri, au kama hukuweza tu kukaa karibu na paa bovu ukanyamaza.

Kisha, kwa kukosa saini yako, mradi ulifungwa. Hilo hatukulizungumza kamwe. Akina mama walizalia chini ya turubai, masika baada ya masika. Muuguzi wa kule alinisimulia habari za mmoja aliyefia juu ya baiskeli, akipelekwa mbali kutafuta chumba kikavu. Ukuta ule mbovu ungemwangukia? Pengine. Pengine ungesimama.

Mwezi uliopita nilirudi Pweto, safari hii mkaguzi nikiwa mimi. Jengo jipya la uzazi, mkandarasi mwingine, vitisho vilevile, ila siku hizi huja kwa simu. Nilimwita mpita njia. Matofali mawili yalishika, moja likavunjika. Kanuni yako naijua: rundo zima linakataliwa, na saini haipatikani. Papa, niliiona ile turubai ambayo akina mama bado wanazalia chini yake. Niliamuru rundo lile likajenge uzio tu, na matofali ya kuta zinazobeba paa yafyatuliwe upya mbele ya macho yangu. Nilikaa kule hadi kuta zikapanda. Kisha nikasaini, nikiandika kasoro zote juu ya jina langu. Mkandarasi alinishukuru mno, na shukrani yake ndiyo inayonisumbua kuliko vitisho vyake.

Kila mvua zitakapokwisha nitakwenda kuzikagua kuta zile, na nitaandika nitakachokiona, hata kama kitanishtaki. Hiyo ndiyo ahadi ninayoweza kukupa.

Ukuta wangu ukianguka, nitajua nimekosea. Ukisimama, sitajua lolote juu yako, kwa sababu jengo ulilolikataa halikujengwa, na hakuna anayeweza kunionyesha nani angepona ndani yake na nani angefukiwa. Najua tu kwamba kabla ya kutia saini niliisoma upya orodha ya kasoro mara tatu, nawe, siku ile, ulikataa mara moja.

Pumzika, Papa.

Mwanafunzi wako,
Kapya